Manuel Quezon na Lugha ya Taifa la Ufilipino

Ufilipino ni nchi ya visiwa zaidi ya 7,000 na lugha zaidi ya 100. Basi si ajabu kwamba Manuel Quezon, aliyechaguliwa kuwa rais mwaka 1935 Marekani ilipoipa nchi hiyo madaraka ya ndani, alipozuru mikoa yake hakuweza kusema na raia zake wengi pasipo mkalimani. Jambo hilo lilimchoma moyo.

Alizaliwa tarehe 19 Agosti 1878 huko Baler, mji mdogo ulio kando ya bahari katika kisiwa cha Luzon. Baba na mama walikuwa walimu. Lugha ya kwao ilikuwa Kitagalog. Kihispania, lugha ya watawala wa siku zile, alikipata mapema, akasoma kwa Wadominiko mjini Manila. Wamarekani walipoitwaa nchi, aliacha masomo akapigana nao chini ya Jenerali Aguinaldo, hata akasalimu amri mwaka 1901. Mwaka 1909 alitumwa Washington kuwa mjumbe wa nchi yake, naye Kiingereza hakijui sawasawa. Ikambidi ajifunze ukubwani. Mtu aliyelazimika kuwatetea watu wake kwa lugha ya wageni aijua kazi hiyo ilivyo.

Katiba ya mwaka 1935 iliagiza itafutwe lugha moja ya taifa katika lugha za wenyeji. Mwaka 1936 ikaundwa Taasisi ya Lugha ya Taifa, wajumbe wake wakatoka katika lugha kubwa mbalimbali. Mwenyekiti, Jaime de Veyra, alikuwa Mvisaya wala si Mtagalog. Walakini uamuzi wao ulikuwa Kitagalog, lugha ya Manila, yenye vitabu vingi. Quezon akautangaza tarehe 30 Desemba 1937.

Hapo ndipo manung'uniko yalipozuka, nasi hatuwezi kusema kwamba yalikuwa ya bure. Wasemaji wa Kisebuano hawakuwa wachache kuliko Watagalog, na rais aliyetia sahihi alikuwa Mtagalog mwenyewe. Mwenye haki ya kuchagua akichagua cha nyumbani kwake, hata kama amechagua vema, jirani atamtazama kwa jicho la shaka. Sisi tuliojaliwa Kiswahili, ambacho si mali ya kabila moja kubwa, twasahau upesi ugumu huo.

Quezon hakurudi nyuma. Mwaka 1940 aliamuru kamusi na sarufi zipigwe chapa, na lugha hiyo ikaanza kufundishwa shuleni. Kisha vita vikaja. Wajapani walipoingia alikuwa mgonjwa wa kifua kikuu. Mwaka 1942 alitolewa katika ngome ya Corregidor kwa manowari ya chini ya maji, akafika Marekani, akafa huko Saranac Lake, jimbo la New York, tarehe 1 Agosti 1944. Hakuiona tarehe 4 Julai 1946, siku ya uhuru, ambayo ndiyo siku lugha aliyoipigania ilipopata kuwa lugha rasmi.

Mwaka 1959 iliitwa Pilipino, ili jina la kabila liondoke. Katiba ya mwaka 1987 yaiita Filipino, nayo ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Watoto wa visiwa vyote huisoma. Lakini mjini Cebu wangali wapo watu ambao, ukiwaamkia kwa lugha ya Manila, watakujibu kwa Kisebuano, au kwa Kiingereza.