Sir Astley Cooper: Daktari aliyefichua udhaifu wa nyonga za wazee

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

BIBI anapoteleza uani na kuvunjika nyonga, iwe Kondoa, Mpwapwa au Dodoma mjini, lawama zote huelekezwa kwenye anguko. Mwaka 1822, Sir Astley Cooper, daktari bingwa wa upasuaji wa Uingereza, alionyesha kitabuni kwamba anguko hukuta mfupa umekwisha kudhoofika.

Cooper alizaliwa Agosti 23, 1768, katika kijiji cha Brooke, Norfolk, akiwa mtoto wa mchungaji. Alijifunza upasuaji London kwa Henry Cline, na mwaka 1800 akashika nafasi ya ndugu wa baba yake katika Hospitali ya Guy's. Mwaka 1801 alitunukiwa Medali ya Copley kwa utafiti wa sikio, na mwaka 1821 alipewa cheo cha baroneti baada ya kumwondoa Mfalme George wa Nne uvimbe kichwani.

Sifa hizo zina doa. Enzi hizo miili halali ya kuchunguzwa ilikuwa michache, na Cooper alikuwa miongoni mwa madaktari walionunua maiti kwa wezi wa makaburini. Mwaka 1828 alilikiri jambo hilo mbele ya kamati ya Bunge. Sheria ya mwaka 1832 ilifungua njia halali, lakini mzigo ukawaangukia maskini waliofariki bila ndugu wa kuwazika.

Katika uchunguzi wake, Cooper aliona kuwa shingo ya mfupa wa paja huwa nyembamba na laini uzeeni, hasa kwa wanawake, kiasi kwamba kujikwaa kidogo hutosha kuivunja. Alitambua pia kwamba mvunjiko ulio ndani ya mfuko wa kiungo ni vigumu kuunga kwa kuwa damu haifiki vema. Kwa wazee wa namna hiyo hakupenda kitanda cha miezi mingi: maumivu yakipungua, waketishwe kitini, kisha watembee kwa magongo.

Alifariki dunia Februari 12, 1841, akiwa ameagiza mwili wake nao uchunguzwe.

Cooper aliujua upungufu wa mfupa kwa kumpasua marehemu. Leo hupimwa mgonjwa akiwa hai, kwa mashine inayokadiria wingi wa madini ya mifupa. Misuli nayo hupimwa, kwa kuwa hupungua haraka mtu anapolala kitandani. Aliyevunjika nyonga hawezi kuamriwa atembee ili apimwe, hivyo hupewa kifaa akibane kwa kiganja, na nguvu za mshiko humwonyesha daktari hali ya misuli.

Siku hizi mgonjwa hufanyiwa upasuaji mapema na kusimamishwa mara hali yake inaporuhusu. Familia inayomlaza mzee ndani kwa miezi, ikingoja mfupa uunge wenyewe, humpotezea misuli aliyobakiwa nayo.