Dkt. Solomon Carter Fuller: Mwana wa Liberia Aliyewaandaa Madaktari wa Akili wa Askari Weusi Marekani

Na Mwandishi Wetu

Mwezi Februari 1923, katika mji mdogo wa Tuskegee, jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani, ilizinduliwa hospitali ya Serikali yenye vitanda vipatavyo 600. Ilijengwa kwa ajili ya askari weusi waliorejea kutoka Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, vita ambavyo zaidi ya Wamarekani weusi 350,000 walivitumikia. Wengi wa waliolazwa humo hawakuwa na jeraha la kuonekana kwa macho. Wapo waliosahau majina ya ndugu zao, waliokuwa wakali bila sababu, na waliokaa kimya kutwa nzima wakitazama ukuta.

Wagonjwa wa namna hiyo walihitaji daktari anayejua kutofautisha maradhi ya ubongo na tabia ya mtu. Madaktari weusi wenye ujuzi huo walikuwa wachache mno Marekani wakati huo. Aliyesaidia kuziba pengo hilo hakuwa mfanyakazi wa hospitali ya Tuskegee. Alikuwa mwalimu wa chuo kikuu aliyeishi kaskazini, katika jimbo la Massachusetts, naye alikuwa mzaliwa wa Afrika.

Solomon Carter Fuller alizaliwa Monrovia, mji mkuu wa Liberia, tarehe 11 Agosti 1872. Babu yake mzaa baba alikuwa mtumwa katika jimbo la Virginia, akajikomboa kwa fedha zake mwenyewe, kisha akahamia Liberia katikati ya karne ya 19. Baba yake alikuwa mkulima wa kahawa na ofisa wa Serikali. Upande wa mama kulikuwa na wamisionari waliofanya kazi ya tiba, hivyo kijana huyo alikua akiona wagonjwa wakihudumiwa.

Mwaka 1889, akiwa na umri wa miaka 17, alivuka bahari kwenda kusoma Chuo cha Livingstone, North Carolina, katika nchi ileile ambako babu yake alikuwa mtumwa. Alihitimu mwaka 1893, akajiunga na masomo ya udaktari na kuyakamilisha Chuo Kikuu cha Boston mwaka 1897. Baada ya hapo alianza kazi katika Hospitali ya Westborough, Massachusetts, hospitali ya jimbo iliyolaza wagonjwa wa akili. Huko alipewa dhamana ya maabara ya patholojia, na mwaka 1899 akaanza pia kufundisha chuoni Boston.

Katika zama hizo wodi ya magonjwa ya akili ilikuwa mahali pa kuwatunza watu zaidi kuliko kuwatibu. Daktari aliandika alichokiona, mgonjwa akakaa miaka, na mara nyingi akafia humohumo. Fuller hakuridhika na hali hiyo. Aliamini kuwa mengi yaliyoitwa wazimu yana chanzo ndani ya ubongo, na kwamba chanzo hicho kinaweza kuonekana kwa hadubini.

Imani hiyo ilimpeleka Munich, Ujerumani, kati ya mwaka 1904 na 1905. Katika hospitali ya magonjwa ya akili iliyoongozwa na Emil Kraepelin, Dkt. Alois Alzheimer alimchagua kuwa mmoja wa wanafunzi watano wa kigeni katika maabara yake. Mwaka mmoja baada ya Fuller kuondoka, Alzheimer alitangaza habari za mgonjwa aliyeufanya ugonjwa wa usahaulifu uitwe kwa jina lake. Fuller aliporudi Westborough aliendelea na uchunguzi huo, na mwaka 1912 alichapisha kwa Kiingereza mapitio mapana ya wagonjwa wote wa ugonjwa huo waliokuwa wamekwisha kuelezwa, akiongeza mgonjwa aliyemchunguza mwenyewe.

Hata hivyo, kazi yake haikuishia kwenye usahaulifu. Mwaka 1907 alichapisha utafiti uliolinganisha ubongo wa wazee waliopoteza akili, walevi wa muda mrefu, na wagonjwa waliopooza na kuchanganyikiwa kutokana na kaswende. Maradhi hayo ya mwisho ndiyo yaliyokuja kumuunganisha na askari wa Tuskegee.

Kaswende isiyotibiwa huweza kujificha mwilini kwa miaka mingi, kisha ikashambulia ubongo. Mtu aliyekuwa mpole huanza kujigamba, hufuja mali, hugombana na wakubwa zake, husahau wajibu wake, na ulimi wake huwa mzito. Asiyejua hudhani ni ulevi, ukaidi au wazimu wa kuzaliwa. Daktari aliyefunzwa humulika jicho na kuona kama mboni inasinyaa kwa mwanga, hugonga goti kupima mshtuko wa mguu, husikiliza matamshi, kisha hupima damu na maji ya uti wa mgongo.

Kwa askari mweusi wa miaka ile, tofauti ya majibu hayo mawili ilikuwa kubwa. Akiandikwa kuwa ni mkaidi au mwenye tabia mbovu, aliweza kuondolewa jeshini na kupoteza haki ya matibabu na mafao. Akiandikwa kuwa ni mgonjwa, alipata kitanda, tiba na posho ya kuitunza familia yake. Kalamu ya daktari ilitosha kuamua maisha ya nyumba nzima.

Mvutano juu ya nani ashike kalamu hiyo ulikuwa mkali. Hospitali ilipofunguliwa, uongozi wake ulikuwa mikononi mwa wazungu, na wapo waliotaka ibaki hivyo. Robert Russa Moton, mkuu wa Taasisi ya Tuskegee iliyotoa ardhi ya ujenzi, alidai pamoja na vyama vya madaktari na watetezi wa haki kwamba madaktari weusi wapewe nafasi. Usiku wa tarehe 3 Julai 1923, wanachama wa Ku Klux Klan waliandamana hadi katika eneo la hospitali ili kuwatisha. Vitisho hivyo havikufua dafu. Mwaka 1924 Dkt. Joseph Ward akawa mkuu wa kwanza mweusi wa hospitali hiyo.

Ushindi huo ungekuwa wa jina tu kama wodi zingekosa wataalamu. Ndipo kundi dogo la madaktari vijana likapelekwa Boston kujifunza kwa Fuller. Miongoni mwao walikuwamo Dkt. George Branche na Dkt. Toussaint Tildon. Aliwafundisha kuzitambua dalili za kaswende ya ubongo ili wagonjwa wao wasiandikiwe maradhi wasiyokuwa nayo. Waliporejea Tuskegee, Branche alikuwa mmoja wa waliotibu maradhi hayo kwa kutumia homa ya malaria, njia iliyotumika duniani kabla ya penisilini kupatikana. Tildon naye alikuja kuiongoza hospitali hiyo.

Aliyewatafutia wengine haki hakuipata yote yeye mwenyewe. Mshahara wake ulikuwa chini ya ule wa wenzake weupe. Kwa takriban miaka 5 aliongoza idara ya magonjwa ya neva Chuo Kikuu cha Boston bila kupewa cheo cha mkuu wa idara. Mwaka 1933, mwalimu mweupe wa daraja la chini yake alipandishwa na kukabidhiwa cheo hicho, Fuller akaamua kustaafu.

Aliendelea kupokea wagonjwa nyumbani kwake Framingham, mji ambako baadhi ya majirani walikuwa wamepinga asihamie kwa sababu ya rangi yake. Aliishi hapo na mkewe, Meta Vaux Warrick, mchongaji sanamu mashuhuri waliyefunga naye ndoa mwaka 1909, na watoto wao watatu wa kiume. Kisukari kilimpofusha katika miaka ya mwisho, macho yaliyozoea hadubini yakazimika. Alifariki dunia tarehe 16 Januari 1953, akiwa na umri wa miaka 80.

Leo Fuller anatajwa kuwa daktari bingwa wa kwanza mweusi wa magonjwa ya akili nchini Marekani, na kituo cha afya ya akili mjini Boston kimepewa jina lake. Wahenga walinena kuwa mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Katika wodi ya wagonjwa wa akili haki hiyo huanza pale daktari anapomsogelea mgonjwa aliyekwisha kuhukumiwa na wengine, akammulika jicho, akamgonga goti, na kumsikiliza kabla ya kuandika neno lolote katika faili lake. Hilo ndilo Fuller aliwafundisha vijana waliokwenda Tuskegee.