Carl Becker: munganga wa Oicha aliyetibu wagonjwa wa akili kwa umeme

Barabara inayotoka Butembo, kupita Beni na kuendelea hadi Komanda, inakatisha katikati ya Oicha. Leo jina la Oicha linasikika zaidi kwa habari za mauaji na wakimbizi. Lakini zamani watu waliifuata kwa sababu ya mtu mmoja, Carl Becker, ambaye wakaaji walimwita Munganga tu.

Alizaliwa mwaka 1894 huko Manheim, jimbo la Pennsylvania, Marekani. Baba yake alifariki mapema, na kijana akabaki na mzigo wa kumsaidia mama. Akasoma udaktari, akaoa Marie, akafungua kazi yake katika mji mdogo wa Boyertown. Mapato yalikuwa mazuri. Mwaka 1929 aliyaacha, akaja Kongo na misheni ya AIM kwa posho ya dola 60 kwa mwezi. Mwaka 1934 akatumwa Oicha, msituni, karibu na kambi za Wambuti.

Ukoma ndio uliomchukulia miaka mingi. Ugonjwa huu unaua neva za mikono na miguu: vidole vinajikunja, mguu unaburuzika, na mgonjwa hasikii moto unapomchoma. Becker aliandika kwa uangalifu habari za kila mgonjwa, hata mtaalamu wa ukoma Robert Cochrane wa Uingereza akaja kujionea. Katika miaka ya 1950 kijiji cha wakoma cha Oicha kilikuwa na wagonjwa wapatao 4,000.

Wengi hawajui kwamba alifungua pia wodi ya wagonjwa wa akili, yenye mashine ya kupitisha umeme kichwani. Inatajwa kuwa ya kwanza ya namna hiyo katika Afrika ya ikweta. Tiba yenyewe ilikuwa bado changa, kwani ilianzia Roma mwaka 1938. Umeme unapita kwenye ubongo kwa muda mfupi sana, mgonjwa anatukutika kama mwenye kifafa, na baada ya kurudia mara kadhaa huzuni nzito inaweza kupungua. Siku zile, mahali pengi duniani, ilifanywa bila dawa ya usingizi, na ilitisha. Hata hivyo, mwendawazimu aliyekuwa akifungwa kamba nyumbani au kudhaniwa amelogwa alipata kitanda hospitalini, na hilo halikuwa jambo dogo. Becker mwenyewe hakutenganisha akili na roho. Wahubiri walifanya kazi pamoja naye katika wodi ile.

Umeme wa leo ni mpole zaidi. Watafiti wanajaribu kuamsha ubongo kwa sumaku kutoka nje ya fuvu, pamoja na mazoezi ya viungo, kwa watu ambao chembe za neva zinazoamuru misuli zinakufa taratibu. Ugonjwa huo si ukoma, wala si wazimu: akili ya wengi inabaki, mwili unakataa. Mazoezi mepesi yanasaidia viungo visikakamae, lakini bado hakuna aliyethibitisha kwamba sumaku inausimamisha. Familia inayoahidiwa uponyaji kwa mashine iulize kwanza, kabla ya kuuza shamba.

Mwaka 1964 waasi wa Simba walipokaribia, Becker alikimbilia Uganda. Alikuwa na miaka 70, umri wa kupumzika, lakini mwaka uliofuata alirudi. Akajenga kituo cha tiba huko Nyankunde, Ituri, kwa ushirikiano wa misheni tano, na humo akafundisha vijana Wakongo kazi ya uganga na uuguzi. Aliondoka akiwa amepita miaka 80, akafariki Marekani mwaka 1990.

Septemba 2002 Nyankunde ilishambuliwa, watu wengi wakauawa hata vitandani. Wauguzi na wagonjwa waliosalia walitembea kwa miguu siku nyingi msituni, wakielekea kusini, mpaka wakafika Oicha.