Paul Eisler na Redio ya Chumbani

Tunapobeba simu ya upepo doriani, ni nadra kumkumbuka Paul Eisler. Mhandisi huyu Myahudi, mzaliwa wa Vienna mwaka 1907, alikimbilia Uingereza mwaka 1936. Katika chumba cha kupanga mtaani Hampstead, London, aliunda redio isiyo na msongamano wa nyaya. Shaba nyembamba hubandikwa juu ya ubao usiopitisha umeme, njia zikachorwa kwa wino, kisha dawa kali ikaila shaba isiyofunikwa. Kiwanda kimoja kilimkatalia, kikidai wanawake wanaounga nyaya kwa mikono ni nafuu zaidi. Mwaka 1940 serikali ikamtia kizuizini kama raia wa adui, yeye aliyewakimbia Wanazi! Alipofunguliwa aliirudia kazi yake, na mwaka 1943 akaiombea hati ya uvumbuzi.