Konga Vantu, yeye naye alirudi kwao



Wengi wenu mnalijua kanisa la Garenganze. Garenganze ilikuwa inchi ya Mwami Msiri, na kikao chake kilikuwa Bunkeya, hapa kwetu Lualaba. Leo tunawaletea maisha ya Dan Crawford, mmoja wa wazungu wa kwanza kuhubiri kule.

Alizaliwa mwaka wa 1870 Gourock, Scotland, mtoto wa nahodha wa meli. Mwaka wa 1889, akiwa na miaka 18, aliacha kwao. Waingereza wa dini yake, wanaoitwa Ndugu, walikuwa na desturi moja ya ajabu: mwenye kwenda kuhubiri hana mshahara, hana mkataba, wala haombi makuta. Anaenda tu, anakula kile watu wanamtumia kwa hiari. Sisi wa ONG tunaongojea mwisho wa mwezi, hapo tunanyamaza kidogo.

Alishuka Benguela, akatembea kwa miguu mpaka Bunkeya mwaka wa 1890. Tarehe 20 Desemba 1891 Msiri aliuawa kwa risasi na watu wa mfalme wa Ubelgiji. Mkubwa wa safari yao, Stairs, alikuwa ofisa wa jeshi la Uingereza. Bunkeya ikavunjika. Njaa ikaingia, watu wakatawanyika. Wengi walikuwa mateka waliotolewa makwao. Nao wakatafuta njia ya kurudi.

Crawford akahamia Luanza, pembeni ya ziwa Mweru. Watu wa makabila mbalimbali wakamfuata, wakajenga pamoja. Ndiyo maana wakamwita Konga Vantu, ni kusema mwenye kukusanya watu.

Alikaa huku miaka 22 bila kurudi kwao hata siku moja. Aliporudi Uingereza mwaka wa 1911, malkia Victoria aliyemwacha kwenye kiti alikuwa amekufa, mtoto wake Edward amekufa, na mjukuu George ndiye anatawala. Mabarabarani mwa London motokari zilikuwa zinafukuza farasi. Kitabu alichotoa mwaka wa 1912, hata jina lake linasema kufikiri kama mtu mweusi. Kiisha miaka michache akarudi tena Luanza. Alifia huko mwaka wa 1926, kwa kidonda kidogo cha mkono kilichoingia sumu.

Tunaleta habari hii kwa sababu moja. Tunapoandikisha familia zinazorudi, fomu yetu inaanza na swali: kwenu ni wapi? Mama mmoja aliyekaa inje miaka mingi alinyamaza mpaka tukaona haya. Kijiji anakijua, lakini kijijini hakuna tena anayemjua yeye.

Basi wandugu, familia mpya ikifika, tuwape kwanza kiti na maji. Tuulize wamefika na nani, wamelala wapi. Swali la kwenu ni wapi linaweza kungojea mpaka kesho.