Rosalind Franklin: Mwanamke aliyeuona uzi wa RNA ndani ya virusi

MWISHONI mwa mwaka wa 2017 na miezi ya mwanzo ya 2018, homa ya chikungunya ilizuka Mombasa, ikawaacha wagonjwa wakijikokota kwa maumivu ya viungo. Mnamo 2020 ukafuata ugonjwa wa Covid-19, na sampuli za wakazi wa Pwani zikawa zinapelekwa katika maabara ya KEMRI, Kilifi. Maradhi hayo mawili, pamoja na polio ambayo wahudumu wa afya wamekuwa wakiipiga vita nyumba hadi nyumba katika mitaa ya Likoni, Kisauni na Changamwe, yanasababishwa na virusi vya aina moja: vile ambavyo maagizo ya kuzaana kwavyo yameandikwa katika RNA, wala si DNA.

Kilifi, wataalamu husoma maandishi ya RNA hiyo na kuyalinganisha kwa tarakilishi. Lakini kabla ya mitambo hiyo kuenea, alikuwako mwanamke aliyeitafuta RNA ndani ya virusi kwa miale ya eksirei na hesabu za mkono.

Rosalind Franklin alizaliwa London mnamo Julai 25, 1920, katika familia ya Kiyahudi yenye ukwasi. Mwaka wa 1938 alijiunga na Chuo cha Newnham, Cambridge, enzi ambazo wanawake walifanya mitihani sawa na wanaume lakini hawakutunukiwa shahada kamili. Dhuluma hiyo iliondolewa 1948. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili alichunguza vitundu vidogo mno vilivyomo katika makaa (ya mawe, si haya ya miti tunayopikia), na utafiti huo ukampa uzamifu mnamo 1945. Kuanzia 1947 alikuwa Paris, ambako alibobea katika ufundi wa kupiga picha za maada kwa eksirei.

Alirejea London Januari 1951, katika Chuo cha King's, kuchunguza DNA. Mei 1952, yeye na mwanafunzi wake Raymond Gosling walipata picha iliyokuja kujulikana kwa nambari 51. Januari 1953, Maurice Wilkins alimwonyesha James Watson picha hiyo bila Franklin kujua. Miezi mitatu baadaye Watson na Francis Crick wakatangaza umbo la DNA. Wanaume hao watatu walituzwa Nobel mwaka wa 1962, Franklin akiwa kaburini tayari.

Kisa hicho kimesimuliwa hadi kikachujuka. Kwa maoni ya mwandishi huyu, kimemdhulumu mara ya pili, kwa kuwa kimeifunika miaka mitano iliyofuata, ambayo ndiyo iliyokuwa bora zaidi katika maisha yake ya kisayansi.

Machi 1953 alihamia Chuo cha Birkbeck, chini ya J. D. Bernal, katika majumba makuukuu yaliyoharibiwa na vita. Hapo alianza kuchunguza virusi vinavyotia majani ya tumbaku madoadoa. Havimdhuru binadamu, hupatikana kwa wingi, na vina umbo la vijiti vinavyojipanga sambamba mbele ya miale. Kila kijiti kina urefu wa nanomita 300. Zaidi ya 3,000 vikiunganishwa ncha kwa ncha ndipo hutimia milimita moja.

Eksirei haitoi sura ya kitu jinsi kamera itoavyo. Hutoa madoa, na mtafiti hulazimika kupima ukali wa kila doa, kisha kujumlisha mawimbi mengi mno hadi umbo lijitokeze. Wataalamu wa wakati huo walitumia masanduku ya vipande vya kadi vilivyochapishwa thamani za mawimbi hayo, wakazijumlisha safu baada ya safu. Hesabu moja iliweza kuchukua majuma kadhaa.

Mnamo 1955 alitangaza kwamba vijiti hivyo vina urefu mmoja. Norman Pirie, bingwa wa virusi wa Uingereza, alikasirika kupingwa na msomi mgeni katika uwanja wake. Franklin hakurudi nyuma, na wakati ukathibitisha kuwa alikuwa sahihi.

Swali kubwa lilikuwa RNA imekaa wapi. Wengi walidhani imepita katikati ya kijiti kama utambi wa mshumaa. Franklin alipima virusi kamili, akapima na vijiti vya protini tupu visivyo na RNA, kisha akalinganisha matokeo. Penye tofauti ndipo palipo na RNA. Mwaka wa 1956 alionyesha kwamba uzi huo umezama ndani ya protini, umbali wa takriban nanomita 4 kutoka katikati, na utafiti wa Mmarekani Donald Caspar ukadhihirisha kuwa katikati ni uwazi mtupu. Aliyewahi kuona mkeka ukishonwa ataelewa upesi: protini ni ukili unaozungushwa duara juu ya duara, nayo RNA ni uzi uliojificha baina ya mizunguko.

Hakuna aliyeweza kusoma herufi za uzi huo wakati huo. RNA ya kwanza kusomwa yote, ile fupi ya Robert Holley, ilikamilika 1965, na programu za kukadiria jinsi RNA inavyojikunja zikaja mwishoni mwa miaka ya sabini.

Mwaka huohuo wa 1956 Franklin aligunduliwa kuwa na saratani ya ovari. Aliendelea kufanya kazi baina ya matibabu, hata akaanza utafiti wa virusi vya polio. Aliaga dunia Aprili 16, 1958, akiwa na umri wa miaka 37. Kesho yake, Maonyesho ya Dunia yalifunguliwa Brussels, na ndani yake umesimama mfano mkubwa wa virusi vya tumbaku alioutayarisha. Kazi ya polio ilikamilishwa na wenzake John Finch na Aaron Klug, aliyelelewa Durban, Afrika Kusini. Waliichapisha 1959 na kuitabaruku kwa kumbukumbu yake. Klug alipata Nobel mwaka wa 1982.