Hugh Tracey: Kanda ya Sauti na Suala la Hadhira katika Ngoma za Usukuma

Hugh Tracey alizaliwa Willand, Devon, Uingereza, tarehe 29 Januari 1903, akafariki Afrika Kusini mwaka 1977. Anajulikana kwa wataalamu wa muziki na fasihi simulizi kutokana na maelfu ya rekodi alizoziacha. Hata hivyo, umuhimu wa maisha yake hauko katika wingi huo pekee. Kazi yake inaibua suala la msingi: je, ngoma iliyonaswa katika kanda huwa bado ni ngoma ile ile?

Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Tracey alihamia Rhodesia ya Kusini kumsaidia kaka yake katika kilimo cha tumbaku. Huko alijifunza lugha na nyimbo za Wakaranga, na mwaka 1929 aliwapeleka vijana 14 wa jamii hiyo Johannesburg kurekodiwa katika santuri. Baadaye alifanya kazi ya utangazaji Durban. Mwaka 1947 alishiriki kuanzisha Chama cha Muziki wa Afrika, na mwaka 1954 akaanzisha Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika, ambayo ilihamishiwa Chuo Kikuu cha Rhodes mwaka 1978. Mfululizo wake mkuu una santuri 210.

Mwaka 1950 Tracey alizunguka Afrika Mashariki. Huko Tanganyika alirekodi, miongoni mwa wengine, Wagogo, Wanyamwezi na Wasukuma. Mapokeo ya ngoma za Usukuma yana sifa moja inayopaswa kuzingatiwa hapa. Katika eneo lote hilo, hadi Bariadi na sehemu nyingine zilizoundiwa Mkoa wa Simiyu mwaka 2012, vyama vya Bagika na Bagalu hushindana baada ya mavuno. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule anayevuta watu wengi zaidi upande wake. Manju hutunga, hukejeli, hubuni vituko na hutafuta dawa za mvuto kwa ajili ya umati huo. Kwa hiyo hadhira si shahidi tu. Ndiyo mwamuzi, na miguu yake ndiyo hukumu.

Hukumu ya namna hiyo haiwezi kunaswa katika kanda. Tracey mwenyewe aliishika maikrofoni kwa mkono, akaisogeza kutoka kwa mwimbaji hadi kwa ala kadiri alivyoona inafaa. Santuri za wakati huo zilibeba takriban dakika tatu kila upande, hivyo utendaji wa saa nyingi ulilazimika kufupishwa. Rekodi zake, basi, si kioo cha tukio. Ni utunzi wa pili uliofanywa na mrekodi juu ya utunzi wa manju.

Hali hiyo inaeleweka zaidi ikilinganishwa na jambo lililotokea mbali na Usukuma. Tarehe 9 Mei 1952, katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, Vladimir Ussachevsky aliwasikilizisha watu majaribio ya muziki wa kanda. Sauti za piano zilishushwa kwa kubadili kasi ya kanda na kurudiwarudiwa kama mwangwi. Ussachevsky alidhihirisha wazi kwamba kanda hutunga. Tracey, kwa upande wake, aliitumia kanda kama chombo cha kuhifadhi. Tofauti yao ni ya lengo. Mashine ilikuwa ya aina moja, na katika hali zote mbili msikilizaji aliketi mbele ya fanani asiyeweza kumjibu.

Tathmini ya Tracey haina budi kuzingatia pande zote mbili. Bila yeye, sauti nyingi zingepotea pamoja na wenyewe. Lakini rekodi hizo zilikaa mbali na jamii zilizozizaa kwa miongo mingi. Ni mwaka 2014 tu ambapo nakala za baadhi yake zilirejeshwa kwa Wakipsigis wa Kenya. Urejeshaji wa aina hiyo una maana zaidi ya uhifadhi. Wimbo wa Kisukuma unaposikika tena mbele ya Wasukuma hurudishiwa mwamuzi wake, ambaye ana uhuru wa kuusikiliza, kuujibu, au kuuacha na kuhamia upande wa pili.